Nyumba ya kukandika ya Kiingereza na kinu chake



Leo nina uhakiki mfupi (najua nikisema mfupi mnacheka) wa matini ambayo sidhani kama yuko mmoja wetu aliyewahi kuigusa, kwa kuwa si riwaya, si utenzi wala tamthilia. Ni waraka wa serikali. Maneno yake hayafiki mia mbili, na unaieleza nyumba moja ya shamba katika kaunti ya Herefordshire, magharibi ya Uingereza, kwenye mpaka na Wales. Nyumba ni ya kiunzi cha mbao, ya karne ya 17, na ubavuni imeungwa na jengo la kutengenezea saida. Kabla hamjanirushia mawe, huyu si Bi Saida wa mtaani kwenu. Ni pombe ya matufaha, na mimi nilikwenda kutazama jengo. Nyumba yenyewe sitaitaja jina, kwani ni makazi ya watu, nami nilipokewa kama mgeni.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo niliyejuana naye kwa njia ya kazi yangu ya ualimu huku Birmingham. Alisikia kwamba napenda habari za mafundi seremala, akaniita. Nilipofika akanipa chai, kisha akanipa karatasi. "Soma hii kwanza," akasema, "hii ndiyo pasipoti ya nyumba."

Kwa wasiojua utaratibu wa huku: tangu sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1947, serikali ina orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria. Yako madaraja matatu: la kwanza, la pili lenye nyota, na la pili. England peke yake ina takriban maingizo 400,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni ya daraja la pili, ambalo ndilo la nyumba hii. Ukiingia kwenye orodha, huvunji ukuta, hubadilishi dirisha, huongezi chumba kwa namna ya kuigeuza sura nyumba, mpaka upate kibali. Ukifanya bila kibali ni kosa la jinai, si faini ya kuonywa tu. Kwa hiyo karatasi ile si porojo. Ni maneno yenye nguvu ya sheria, na kwa sababu hiyo nikaona yanastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote.

Basi karatasi inasemaje? Nafupisha kwa maneno yangu. Nyumba ya shamba na jengo la saida lililoungwa nayo. Karne ya 17, na mabadiliko ya karne ya 18 na ya 19. Kiunzi cha mbao juu ya msingi wa mawe. Kuta zimejazwa sehemu fito na udongo, sehemu matofali. Paa la vigae. Halafu inahesabu: miraba ya kiunzi mingapi kutoka chini mpaka kwenye paa, madirisha mangapi, bomba la moshi liko wapi, ngazi ya ndani ya namna gani. Mwishoni kabisa, sentensi moja: jengo la saida upande wa kaskazini, lina dari ya kuwekea matufaha, ndani kuna kinu cha mawe na shinikizo. Imekwisha.

Nianze na sifa, maana mhakiki asiyejua kusifu hana haki ya kulaumu. Karatasi hii ina macho. Mwandishi wake alitembea akazunguka nyumba, akainama, akapanda darini, akatofautisha mbao ya zamani na ya kupachikwa juzi. Hapambi. Hakuna "nyumba hii nzuri", hakuna "urithi wetu adhimu". Sisi tunaoandika makala za utamaduni na kujaza nusu ukurasa kwa sifa kabla hatujasema mlango ulitazama wapi tungejifunza hapo. Na kila kitu kina jina lake. Nguzo ya pembeni ina jina, mbao ya mshazari ina jina, mpaka kigingi kina jina.

Nikajaribu kuitafsiri hapo hapo mezani, chai ikapoa. Msamiati haukunishinda kama nilivyoogopa. Boriti tunazo. Kombamoyo tunazo. Ile mbao ya juu ya ukuta inayobeba paa ni mtambaapanya, na sijui Mwingereza gani angelitunga jina zuri kuliko hilo. Kilichonishinda ni kitu kingine. Karatasi ile haina kitenzi, tangu mwanzo mpaka mwisho! Kiingereza kinaweza kuieleza nyumba nzima kwa majina na sifa tupu, mithili ya orodha ya sokoni. Kiswahili kinakataa. Ukisema jengo "lililoungwa", ukuta "uliojazwa", mbao "zilizopakwa", tayari umeshaingiza kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina adabu yake: msikilizaji ana haki ya kuuliza, na nani? Mtendaji hayupo, lakini kiti chake kimewekwa. Nikaona kwamba hapo sarufi yetu imenipa swali la uhakiki bila ya mimi kulitafuta. Katika nyumba hii, nani alifanya nini?

Kwa kiunzi, jibu linaweza kusomwa kwenye mbao zenyewe. Fundi alitumia mwaloni mbichi, hakungoja ukauke, kwa sababu mwaloni mkavu ni mgumu kama chuma. Alichonga ulimi upande mmoja na tundu upande wa pili, akavichomeka, akapigilia kigingi cha mbao. Mbao ikikauka inajipinda, na kwa kujipinda inazidi kukaza viungo. Kawaida kiunzi kiliungwa kwanza chini, uwanjani kwa fundi, kila kiungo kikachorwa alama kwa namba za Kirumi, kisha kikafunguliwa na kupelekwa kwenye kiwanja kusimamishwa. Alama zile bado zinaonekana chumba cha juu. Nilizipapasa kwa kidole. Mtu alikaa hapo na patasi miaka mia tatu na ushee iliyopita akahesabu.

Na kuta? Mwenye nyumba aliniongoza kwenye sehemu moja ya ukuta wa ndani ambapo lipu imeachwa wazi makusudi, watu waone. Fito zimesukwa baina ya nguzo, zimekandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu, juu yake chokaa. Nikacheka mwenyewe. Kumbe! Miaka yote hii napita mbele ya nyumba hizi nikiziona za kizungu mno, na kumbe ni nyumba ya kukandika! Mama akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia bibi yangu, kaskazini ya Pemba, alikuwa na nyumba kama hii, isipokuwa nguzo ni za mikoko na paa la makuti. Akanitazama, akasema, "Basi alikuwa na nyumba nzuri sana." Alisema kwa dhati, si kwa kejeli. Nikanyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu nitaisema mbele.

Sasa lawama. Ziko mbili, moja ndogo na moja kubwa.

Ndogo ni ya rangi. Karatasi inasema mbao zimepakwa nyeusi na kuta nyeupe, basi. Herefordshire inajulikana kwa nyumba hizi. Iko hata njia ya watalii ya vijiji vyeusi na vyeupe, inayopita Weobley, Pembridge na Eardisley. Lakini weusi ule kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Kabla ya hapo nyingi ziliachwa mwaloni wake ukageuka kijivu kama fedha, au zilipakwa chokaa mbao na ukuta kwa pamoja. Yaani sura tunayoiita ya kale ni vazi walilovishwa wazee na wajukuu zao. Karatasi yenye macho makali kiasi cha kuhesabu miraba ingeweza kuongeza maneno manne kusema hivyo. Na jambo hili lina gharama. Pamoja na rangi za kisasa na saruji zilizopakwa baadaye kwa nia njema, maji yanafungiwa ndani, na mbao inaoza pale ambapo chokaa na udongo vingeiacha ipumue.

Kubwa ni ya lile jengo la pili. Sentensi moja tu, tena mwishoni, tena "limeungwa". Ukiisoma karatasi unapata picha ya nyumba ambayo ina kibanda ubavuni. Niliposimama ndani ya kile "kibanda" nikaona mambo kinyume.

Ngojeni niwaeleze kwa lugha ya jikoni kwetu. Katikati kuna kinu: hodhi ya mawe ya mviringo, kama mfereji uliojikunja mpaka ukakutana mkia, na ndani yake jiwe kubwa lililosimama wima kama gurudumu. Farasi alifungwa kwenye mti wa jiwe lile akazunguka, jiwe likasaga matufaha. Wenye umri wanaokumbuka habari za vinu vya mafuta ya ufuta vya Unguja na Lamu, ngamia akizunguka kutwa, hawahitaji picha. Matufaha yakishasagwa yalitiwa kwenye vitambaa vilivyofumwa kwa manyoya ya farasi, vikakunjwa na kupangwa kimoja juu ya kimoja, yakashinikizwa kwa skurubu mpaka maji yake yakatoka. Kitambaa kile ni kifumbu, waungwana! Tui likakusanywa chini, chicha wakapewa nguruwe. Maji yale yakatiwa kwenye mapipa, yakachachuka yenyewe.

Upana wa jengo umepimwa kwa mzunguko wa farasi. Dari yake ni ghala la matufaha ili yasiharibike kabla ya kusagwa, na tundu la sakafu ya dari liko juu ya kinu sawasawa. Tena kuna mlango wa kutokea humo kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha chini ya nyumba yalimokuwa mapipa. Nikamuuliza mwenye nyumba anatumiaje jengo hili. Akasema anawekea baiskeli. Kisha akaongeza kwamba wageni wake wote hupiga picha ule upande wa mbele, hakuna anayeomba kuingia humu.

Nasema hivi: jengo la saida ndilo linaloifasiri nyumba. Shamba la kawaida la Herefordshire halikuwa na sababu ya kuwa na chumba cha chini kikubwa vile, wala kugharimia mawe mazito yaliyoburutwa kwa mikokoteni. Katika karne ya 17 saida ya kaunti hii ilikuwa jambo la heshima. John Beale alichapisha kitabu kizima mwaka 1657 kuzisifu bustani za Herefordshire kuwa mfano kwa England yote. Lord Scudamore wa Holme Lacy jina lake limeshikana na tufaha la Redstreak, lililotoa saida ya kunywewa na mabwana kwenye glasi za kioo. John Evelyn alitoa maandishi yake juu ya saida, Pomona, mwaka 1664. Fedha ya mambo haya ndiyo iliyosimamisha viunzi vingi. Kusema nyumba "imeungwa" na kinu ni sawa na kusema mwenye duka ameungwa na duka lake.

Na huko kuungwa kwenyewe kuliwahi kutikisa serikali. Mwaka 1763, baada ya Vita vya Miaka Saba, serikali ya Lord Bute iliyokuwa na madeni ilitoza saida kodi ya shilingi nne kwa kila pipa kubwa, alipe mtengenezaji. Watu walikasirikia fedha, lakini walikasirikia zaidi kwamba mkaguzi wa kodi sasa ana haki ya kuingia pahali pa kutengenezea. Na pahali pa kutengenezea pako wapi? Ubavuni mwa chumba cha kulala! William Pitt alikuwa miongoni mwa waliosimama bungeni kupinga, kwa hoja ya faragha ya nyumba ya mtu. Kodi ilifutwa mwaka 1766. Ule mlango mdogo niliouona, baina ya kinu na nyumba, ndio mlango ambao mjadala ule ulikuwa unauhusu. Karatasi haikuutaja.

Tena wako watu. Hapa ndipo kile kiti cha kauli ya kutendwa kinapobaki kitupu. Kwa muda mrefu vibarua wa mashamba haya walilipwa sehemu ya ujira wao kwa saida: painti kadhaa kwa siku, na zaidi wakati wa mavuno. Kila mtu alikwenda kondeni na kipipa chake kidogo cha mbao na kikombe cha pembe. Wengine watasema huo ulikuwa ukarimu. Mimi naona kwamba mtu anayelipwa kinywaji hawezi kukipeleka dukani kununulia mtoto viatu, na mkewe hana sehemu katika ujira huo. Bunge lilipiga marufuku kuwalipa vibarua pombe kama ujira kwa sheria ya mwaka 1887, ingawa desturi iliendelea kichinichini miaka mingi. Mwaka huo huo Percy Bulmer alianza kutengeneza saida mjini Hereford, na kiwanda kikaja kuvifanya vinu vya mashambani visiwe na kazi. Kwa hiyo jiwe lile linalozungukwa na baiskeli lilikuwa kinu, na lilikuwa pia dirisha la mshahara. Aliyesaga ndiye aliyelipwa alichokisaga.

Najua nitajibiwa nini, na jibu lina uzito. Nitaambiwa: ewe mwalimu, karatasi ile haikuandikwa iwe historia. Maelezo ya zamani ya orodha yalikusudiwa kulitambulisha jengo tu, ili mtu asije akadai mahakamani kwamba nyumba iliyolindwa ni ya jirani. Pili, ulinzi wa sheria haufuati urefu wa maelezo. Kinu kile kinalindwa, kiwe na sentensi moja au kumi, kwa kuwa kimeshikamana na jengo. Ni kweli. Nami nakubali kwamba bila ya karatasi ile kavu, mawe yale huenda yangelikuwa sasa pambo la bustani ya mtu, yamepandwa maua, kama mengi ya aina yake yalivyoishia.

Lakini nashikilia lawama yangu kwa sababu moja. Mtu hulinda anachokiona, na anakiona alichoelezwa. Mwenye nyumba yule hana ubaya. Anatengeneza lipu ya chokaa kwa gharama kubwa, anaita fundi wa viunzi kutoka mbali, kwa kuwa karatasi imemfundisha kupenda kiunzi. Kinu haikumfundisha. Anakiacha kwa sababu amekatazwa kukigusa, na paa la upande ule linavuja. Kitu kinachohifadhiwa kwa kukatazwa tu, bila mtu kujua kilifanya kazi gani, kinahifadhiwa kwa nusu.

Sasa ile sababu ya kunyamaza kwangu. Mwaka 2019 ndugu zangu walipiga simu. Nyumba ya bibi ilikuwa imeinama, mchwa wamemaliza nguzo za nyuma, na kila masika lazima ikandikwe upya na vijana wa kuikandika hawapo. Wakataka michango wavunje, wajenge ya matofali ya saruji na mabati. Mimi nilituma fungu langu siku ya pili yake. Sijuti kwa matofali. Ni rahisi sana kwa aliye Birmingham kuwapendea wenzake wa Pemba nyumba ya udongo. Wanaolala humo ndio wenye haki ya kuchagua, na shangazi yangu sasa anakaa pasipovuja. Ninachojutia ni kwamba nilikuwa na miezi miwili ya likizo pale, miaka mitatu nyuma, nikiwa na kalamu na kamera, na sikuandika hata mstari. Mimi, mwenye shahada za lugha! Waingereza nimewalaumu kwa sentensi moja juu ya kinu. Ya bibi yangu haina hata hiyo moja.

Basi nimeanza, na ninaiweka hapa ili mnisahihishe. Nimeufuata ukavu wa waraka ule, lakini vitenzi nimeviacha, na kila kitenzi nimekitafutia mwenyewe:

Nyumba ya kukandika, vyumba vitatu na ukumbi, mlango unatazama kisima. Nguzo za mikoko alizileta babu kwa ngalawa, safari mbili. Fito walifunga shemeji zake. Udongo walikanda wanawake wa kitongoji kwa miguu, na bibi aliwapikia. Makuti alisuka bibi na binti zake. Ubavuni jiko, limeungwa na nyumba. Humo mlikuwa na mbuzi ya kukunia, kifumbu, na jiwe la kusagia lililokuja na mama yake bibi. Humo ndimo mlimotoka mafuta ya nazi yaliyosomesha watoto wanne. Nguzo ya katikati ilikuwa na alama za kisu, za kuwapimia watoto kimo. Mwaka wa kujengwa: nafasi nimeiacha wazi, ya kujazwa na shangazi, ambaye amevuka themanini na bado anakumbuka.

Nitampigia Jumapili. Nina maswali kumi na manne, na la kwanza ni jina la ile mbao ya kulala juu ya mlango, ambalo bibi alikuwa akilitaja kila tulipogonga vichwa. Mwenye kulijua kwa lahaja ya Pemba, au ya Lamu au Mvita pia, tafadhali aliandike hapa. Na ambaye nyumba ya kwao bado imesimama, au aliyeivunja kama mimi lakini ana shangazi, naye atuletee mistari yake kumi. Akianzia jikoni nitafurahi zaidi.

Wasalaam.